Kilo tano za Mama Mwalimu: kisa cha kuunda baiskeli ya kaboni yenye matairi manene, Lubumbashi

Mama Mwalimu alifika karakana akiisukuma baiskeli yake. Wateja wangu wengi hufika wakisukuma, maana kinga, yaani baiskeli, iliyo nzima haina shida na fundi, lakini hii haikuwa na kasoro yoyote. Giya zilishika, breki zilikamata, magurudumu yalizunguka bila kuyumba.

“Papa Fundi,” akasema, “hii kinga inanichosha kuliko shamba lenyewe.”

Mama Mwalimu anafundisha sekondari, na kila Jumamosi anaenda shambani kwake kwa mahindi, upande wa barabara ya Kipushi. Safari ni kilomita 28: 19 za lami yenye mashimo, kisha 9 za njia ya msituni. Katikati ya njia hiyo kuna kijito chenye daraja la magogo mawili, na hapo hakuna kupanda wala kusukuma, ni kubeba begani. Mwenyewe ana kilo 58. Baiskeli aliinunua kwa mgeni aliyekuwa akirudi kwao, ya aluminiamu, tairi inchi 4. Niliitundika kwenye mzani wa ndoano: kilo 17.4.

Akaniuliza kama kweli kuna za kaboni, yaani zenye fremu ya nyuzi za kaboni zilizoshikwa kwa gundi, na kama dola 1,200 zinatosha. Nikamwambia zipo. La pili nikaomba siku tatu za kupiga hesabu.

Kwanza nilitaka kujua kama tairi nene anaihitaji, au alijikuta nayo tu kwa sababu ndiyo iliyokuwa inauzwa. Baiskeli hizi zilitokana na watu waliotaka kupita juu ya theluji Alaska na juu ya mchanga katika majangwa ya New Mexico. Iliyozifanya zijulikane madukani ni Pugsley ya kampuni ya Surly, mwaka 2005, na tairi zake za inchi 3.7. Sisi theluji hatuna. Lakini anayeijua njia ya msituni ya huku mwezi wa nane, baada ya malori ya makala (mkaa) kupita miezi minne bila tone la mvua, anajua lile vumbi jekundu linalofunika kifundo cha mguu. Tairi ya kawaida inazama humo, usukani unageuka wenyewe, unaanguka polepole kama gunia. Tairi ya inchi 4 yenye upepo mdogo inapanuka na kupita juu. Kwa hiyo tairi nene inabaki. Uzito ndio uondoke.

Nilibomoa baiskeli nzima na kupima kila kipande. Ni kazi ya mchana mmoja, na naona ndiyo kazi iliyookoa pesa nyingi kuliko zote. Fremu ilikuwa kilo 2.3, uma wa mbele 1.2. Hapo ndipo mawazo ya kila mtu yanapokwenda akisikia neno kaboni. Magurudumu mawili, pamoja na tairi na mipira ya ndani, yalifika kilo 7.77. Tairi moja tu, ile ya waya pembeni, gramu 1,750. Mpira wa ndani mmoja gramu 480. Nilimwita Mama Mwalimu nikampa ule mpira aushike mkononi. Akacheka, akasema ni sawa na nusu kilo ya sukari.

Nusu kilo hizo ziko mbili, na kila moja inazunguka. Uzito ulio kwenye fremu unausukuma mbele tu, lakini ulio kwenye tairi unausukuma mbele na kuuzungusha pia, kila unapoondoka, kila unapotoka shimoni. Ndiyo maana baiskeli yake ilikuwa nzito mguuni kuliko mzani ulivyosema.

Hapo mpango ukageuka. Alikuja kwa ajili ya kaboni, mimi nikaanza na mpira.

Nilichagua tairi za inchi 4.0 za kukunjwa, zenye kitambaa cha nyuzi 120 kwa inchi, gramu 1,260 kila moja. Zilikuja ndani ya sanduku la msafiri, zimekunjwa katikati ya nguo. Mipira ya ndani tukaiweka stoo, tukafunga kwa dawa ya maji ya kuziba matundu. Kwa kazi hiyo rimu zake za zamani hazikufaa: pana mm 80, gramu 980 kila moja. Kwa tairi ya 4.0 rimu ya mm 65 inatosha kabisa. Tulipata za aluminiamu zenye matundu makubwa ya kupunguza uzito, gramu 700.

Kuna rimu za kaboni pia, na Mama Mwalimu alizitaka sana. Jozi ya bei ndogo niliyopata ilikuwa dola 390, na ingepunguza gramu 300 hivi kuliko zile za aluminiamu za dola 110. Nilikataa, na si kwa sababu ya bei peke yake. Ukipanda na upepo mdogo kwenye lami ya Kipushi, siku moja shimo litaigonga rimu. Ya aluminiamu itapinda, nami nitaichukua koleo niirudishe kwa ustaarabu. Ya kaboni itapasuka, na ufa wa kaboni haurudishwi kwa koleo.

Fremu tuliagiza China, kwenye viwanda vinavyouza fremu zisizo na jina la kampuni, pamoja na uma wake, bebringi zake na ekseli zake mbili: dola 485. Fremu yenyewe kilo 1.42, uma gramu 680. Niliichagua inayokubali tairi mpaka inchi 4.8 ingawa tungevaa 4.0. Mafundi wa mtandaoni wanaona huko ni kupoteza nafasi. Hawajaona udongo wetu mwezi wa kwanza. Udongo mwekundu ukilowa unakamata tairi kama ugali wa moto unavyokamata mwiko, unapanda na gurudumu mpaka kwenye fremu na kuganda hapo, baiskeli inasimama. Nafasi ya kidole kimoja zaidi kila upande ndiyo inayoamua kama utarudi umepanda au umebeba.

Kuileta nyumbani nusura kuharibu hesabu yote. Wakala wa ndege alinitajia dola 14 kwa kilo. Nikazidisha kichwani: boksi lina kilo 4, basi dola 56, safi. Sikujua kwamba mzigo mwepesi wenye boksi kubwa unapimwa kwa ukubwa wake. Wanachukua urefu, upana na kimo kwa sentimita, wanazidisha, wanagawanya kwa 6,000. Boksi letu lilikuwa 100 kwa 22 kwa 72. Gawanya: kilo 26.4. Dola 370 kwa fremu niliyoweza kuinua kwa kidole! Wepesi tuliokuwa tunaulipia kiwandani, ndege ilitaka kutulipisha kana kwamba ni uzito.

Tukaibadilishia njia. Ilipanda meli, ndani ya kontena la wafanyabiashara wengi, ikashuka Dar es Salaam, ikaja kwa lori kupitia Tunduma na Zambia mpaka Kasumbalesa. Dola 95 pamoja na sehemu yetu ya ushuru, na karibu miezi mitatu ya kungoja. Aliagiza mwezi wa pili, boksi likafunguliwa katikati ya mwezi wa tano.

Fremu isiyo na jina haina duka la kurudishia, kwa hiyo niliikagua kabla ya kufunga hata boliti moja. Unamulika kurunzi ndani ya bomba la mbele na ndani ya nyumba ya krenki, lile bomba fupi la chini linalopitisha mhimili wa pedeli, unatafuta mikunjo ya kitambaa na mapovu ya gundi. Kisha unachukua sarafu, unagonga taratibu kila sentimita mbili kwa urefu wa bomba. Kaboni nzima inalia kavu, tik, tik, tik. Palipoachana ndani, mlio unakufa. Yetu ililia vizuri kila mahali, isipokuwa chini ya nyumba ya krenki, ambapo mlio ulibadilika ghafla. Nilikaa na sehemu ile nusu saa nzima. Mwishowe niligundua ni nyuzi zimeongezwa unene hapo kiwandani, na upande wa pili ulilia vilevile. Kama upande mmoja tu ungebadilika, ningeirudisha boksini.

Sasa kosa langu. Katika fremu hii nafasi ya gurudumu la nyuma ni mm 197, kwa ekseli nene ya mm 12 inayopenya kutoka upande mmoja hadi mwingine. Habu, yaani kitovu cha gurudumu, niliagiza ya 190, ile ya ekseli nyembamba ya kubana. Muuzaji aliandika “190/197”, mimi nikasoma namba ya kwanza nikaridhika. Nilipoijaribu, ikacheza ndani ya fremu, mm tatu na nusu kila upande.

Bahati ilikuwa kwamba tofauti ya 190 na 197 si ya habu yenyewe. Fremu ya 197 ina vishimo kila upande ambamo kofia za habu zinalala, mm 3.5 kushoto na mm 3.5 kulia. Mashavu ya habu yanayoshika spoku yako palepale, diski ya breki iko palepale. Kwa habu iliyotengenezwa kubadilishika, unavua kofia za pembeni na kuweka nyingine. Dola 24, na wiki tano za kungoja kofia mbili zinazoenea kwenye kifuniko cha chupa. Habu za baiskeli yake ya zamani hazikuwa na njia hiyo, kwa kuwa ya nyuma ilijengwa juu ya mhimili wa mm 10, ekseli ya 12 haipiti kamwe, na ya mbele ilikuwa ya 135 wakati uma mpya unataka 150. Anayefikiri atanunua fremu tu kisha ahamishe magurudumu yake, apime namba hizi kabla ya kutoa pesa. Apime na krenki pia: nyumba ya krenki kwenye fremu hizi huwa na mm 100 au karibu 120, na kwa nyuma ya 197 mstari wa cheni unakaa mm 76 hivi kutoka katikati, wakati kwa 177, kipimo kingine cha nyuma, ni kama 66. Krenki ya kipimo hiki haifai kipimo kile.

Wiki tano hizo nilizitumia kuhangaika na upepo. Rimu ya matundu haizuii kitu, ni kama ungo. Nilinunua mkeka wa povu wa kulalia, soko la Kenya (Kenya ninayosema ni komini yetu, sehemu ya mji, si nchi), ule usionyonya maji, unene wa mm 5. Nikakata ukanda mrefu, nikaulaza kwenye mfereji wa katikati ya rimu, juu yake tepu pana mizunguko miwili nikiivuta kwa nguvu. Povu linafanya kazi mbili: linabeba tepu juu ya matundu, na linainua mfereji ili mdomo wa tairi ukae karibu na ukingo. Nikapaka maji ya sabuni, nikalipeleka gurudumu kwa kijana wa kuziba matairi ya malori aliye na kompresa. Mara ya kwanza upepo ukatoka kwa kelele pande zote. Mara ya pili nikaongeza ukanda wa povu, tukajaribu tena: kimya, halafu pa! upande mmoja, na pa! upande wa pili, mdomo wa tairi ukakaa kotekote. Kijana akarudi nyuma hatua mbili. Kisha mililita 150 za dawa kwa kila tairi, unazungusha, unalaza gurudumu upande huu saa nzima, upande ule saa nzima. Dawa hiyo inakauka haraka kwa joto la huku, kwa hiyo kila miezi miwili naongeza kidogo.

Tepu, povu, dawa na vali: dola 28 kwa magurudumu yote mawili. Ongeza tairi za dola 150. Ukilinganisha na tairi, mipira na mikanda ya zamani, tulipunguza kilo 1.67 kwa dola 178. Fremu na uma wa kaboni, pamoja na meli, zilitupunguzia kilo 1.4 kwa dola 580. Kwa kila gramu 100, mpira ulitutoza dola 11 na kaboni dola 41. Zile rimu nilizozikataa zingetutoza dola 93.

Nilimwonyesha Mama Mwalimu karatasi ile. Akaisoma kama anavyosoma mtihani wa mwanafunzi, kalamu mkononi. “Basi ungeniambia ninunue matairi tu,” akasema.

Kweli. Na kama angekuwa na dola 300 badala ya 1,200, ningemwambia hivyo na kumfungia mlango: tairi za kukunjwa, rimu nyepesi kwenye habu zake zilezile, povu na dawa, kisha aendelee na fremu yake ya aluminiamu. Angeshuka zaidi ya kilo mbili. Lakini kijito kipo, na begani kilo ni kilo, iwe inazunguka au haizunguki. Kaboni ilikuwa na kazi yake.

Vingine navipitia haraka. Krenki ya gia moja mbele pamoja na bebringi zake, dola 105. Kaseti ya giya 10, cheni, kibadilisha giya cha nyuma na kitufe chake, 118. Spoku 64 zilizopunguzwa unene katikati, 45. Habu mbili, 120. Kiti, bomba lake, shingo ya usukani na vishikio vya povu, 62. Breki za waya za zamani nilizibakiza kwa makusudi ingawa za mafuta zingepunguza gramu 200, maana waya wa breki unauzwa kila kona ya mji na mafuta ya breki za baiskeli sijui ungeyapata wapi Jumamosi mchana upande wa Kipushi. Usukani na pedeli pia ni vya zamani. Usukani wa kaboni wa bei ya kutupwa ulikuwepo, dola 20, na jina la kampuni kubwa limeandikwa juu yake. Huo siufungi kwenye baiskeli ya mtu nitakayekutana naye tena.

Kufunga kulikuwa polepole. Bomba la uma nililikata kwa msumeno wa meno madogo, nimelifunga tepu, nimelilowesha maji, kitambaa puani, kwa sababu vumbi la kaboni halitakiwi mapafuni. Ndani yake inaingia kabari ya kupanuka, si ile nyota ya chuma inayogongwa kwa nyundo. Boliti zote zinazobana kaboni nilizifunga kwa ufunguo wa kupima nguvu, nyutoni-mita 5 basi, na bomba la kiti likapakwa dawa yenye chembechembe ili lisiteleze bila kulazimisha boliti. Kaboni haikuambii kwamba umekaza kupita kiasi. Inanyamaza, halafu siku moja inaachia.

Mzani: kilo 12.3. Kilo tano na gramu mia zimeondoka.

Gharama yote ilifika dola 1,342, pamoja na kofia za kosa langu. Fremu ya zamani, uma na magurudumu tukamuuzia kijana mmoja kwa 200. Mimi nikachukua 80 kwa kazi. Alizidisha bajeti kwa dola 22, na hapo kweli ningeweza kumsamehe zile 24 za kofia. Nilimsamehe. Aliniletea kuku.

Siku ya kumkabidhi, vijana wawili wa makala walisimama mlangoni, kila mmoja na kinga yake ya chuma na mifuko imefungwa kwa kamba za mpira mpaka inapita kichwa. Mmoja akainua ile ya kaboni kwa mkono mmoja, akashtuka, akaishusha kama aliyeinua mtoto wa watu.

“Papa Fundi, hii inabebaka mifuko ngapi?”

“Hata mmoja. Haina karia.”

Akaitazama tena kuanzia mbele mpaka nyuma. “Sasa iko ya nini?”

Swali lile lina haki yake. Fremu hii haina mashimo ya kufungia karia, na kubana karia kwenye mabomba yake ni kuyavunja. Mama Mwalimu alilijua hilo kabla hajalipa: mahindi yake yanarudi mjini kwa lori la jirani, yeye anarudi na mkoba mgongoni.

Nilimfundisha kitu kimoja tu, upepo. Kwa uzito wake, paundi 14 kwenye lami, na akifika kwenye njia ya vumbi ashushe mpaka 6. Tofauti ya paundi mbili inasikika, na geji ya pampu ya kawaida haioni kitu chini ya 10, kwa hiyo nilimpa geji ndogo ya namba. Jumamosi ya kwanza alisahau kushusha, akaniambia baiskeli inarukaruka kama mbuzi. Ya pili alishusha. Safari iliyokuwa inamchukua saa mbili na nusu sasa ni chini kidogo ya mbili, na kwenye magogo ya kijito anabeba kwa bega moja huku mkono mwingine umeshika viatu.

Mvua zilianza mwezi wa kumi na moja. Wiki ya tatu alirudi, baiskeli nyekundu tupu, lakini ameipanda mpaka mlangoni, udongo haukuisimamisha. Nilipoiosha, nikaona kitu ambacho sikukifikiria. Kwenye bomba la chini linalotoka krenki kwenda gurudumu la nyuma, upande wa cheni, udongo wenye mchanga uliokuwa unabebwa na tairi umesugua rangi yote, na umeanza kula nyuzi. Eneo dogo, kama ukucha wa kidole gumba, linang'aa. Nyuzi zenyewe hazijakatika. Mvua mbili zaidi na zingekatika.

Niliingia stoo nikautafuta ule mpira wa ndani wa zamani, wa nusu kilo ya sukari. Nikakata vipande viwili, nikavigundisha kwenye mabomba yote mawili, kushoto na kulia, ngozi nene ikitazama tairi. Kisha, kwa mazoea, nikaupima mpira uliobaki na kutoa. Gramu 38 zimerudi.